Utafiti wa Elimu Ulipwe Hata Ukisema Hapana

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika shule za msingi za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, walikuwa na swali dogo: je, mabangokitita yanayotundikwa mbele ya darasa yanawasaidia watoto kufaulu? Takwimu za shule za eneo hilo zilijibu kwamba yanasaidia, tena sana. Shule zilizokuwa nayo ziliongoza kwa alama hata baada ya tofauti za vifaa vingine kuzingatiwa. Mfadhili mwenye haraka angeridhika hapo na kuagiza mabango ya nchi nzima.

Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao hawakuridhika. Walichukua shule 178, nusu zikapewa mabango ya sayansi, afya na hisabati, na nusu nyingine zikaendelea kama kawaida. Mitihani iliposahihishwa, makundi hayo mawili hayakuwa na tofauti ya maana. Shule inayojinunulia bango kwa hiari yake huwa na mengine ambayo hojaji haiyaoni: mwalimu mkuu mfuatiliaji, kamati ya shule iliyo hai, wazazi wanaochangia bila kusukumwa. Mambo ya aina hiyo hupandisha alama, na bango likapewa sifa isiyo yake.

Kisa hicho kilichapishwa mwaka 2004, lakini bado kinamhusu mwalimu anayeandika tasnifu ya uzamili, afisa elimu anayetaka kujua kama mradi wake umefaa, shirika linaloandika andiko la kuomba ruzuku, na kampuni inayotenga sehemu ya faida yake kwa ajili ya shule. Utafiti unaostahili fedha ni ule ulioandaliwa hivi kwamba unaweza kumwambia mwenye wazo kuwa wazo lake halifanyi kazi. Mtafiti aujenge hivyo tangu mwanzo. Mfadhili naye akubali, siku ya kusaini mkataba, kwamba jibu la hapana litalipwa sawasawa na jibu la ndiyo. Swali, sampuli, vibali, bajeti na ripoti vyote vinafuata kutoka hapo.

Swali litangulie bajeti

Tasnifu nyingi za elimu zina vichwa vinavyoanza na "changamoto za" au "nafasi ya". Kichwa cha namna hiyo hakiwezi kupingwa na data yoyote, kwa sababu changamoto zipo siku zote na kila kitu kina nafasi yake. Mtafiti anarudi kutoka kijijini na orodha ileile iliyokuwa kwenye andiko lake: uhaba wa walimu, uhaba wa madawati, wazazi kukosa mwamko.

Swali zuri hutaja watoto gani, wapi, jambo gani linalofanywa, linalinganishwa na nini, na litapimwa kwa kitu gani. Badala ya kuuliza kuhusu changamoto za ufundishaji wa hisabati, mtafiti anaweza kuuliza kama watoto wa darasa la pili wanaogawanywa kwa kiwango chao kwa saa moja kila siku wanajua zaidi kujumlisha na kutoa, mwaka unapoisha, kuliko wenzao waliofundishwa wote pamoja. Swali hilo lina hatari ndani yake: huenda ikabainika kwamba kuwagawanya hakusaidii kitu. Hatari hiyo ndiyo inayolipa thamani.

Baada ya hapo aandike sentensi ya pili: jibu likiwa ndiyo, nani atabadilisha nini, likiwa hapana, nani ataacha nini. Kama hakuna mtu wa kutajwa katika sentensi hiyo, swali halijaiva.

Wenye swali mara nyingi wako shuleni. Katika miaka ya 1970, mradi wa Jipemoyo ulioendeshwa na watafiti wa Tanzania na Finland magharibi mwa wilaya ya Bagamoyo uliwashirikisha wanavijiji wenyewe katika kuchunguza maisha na utamaduni wao, na ukawa mojawapo ya mifano ya mwanzo ya utafiti shirikishi barani Afrika. Mtafiti wa leo hahitaji kuiga kila kitu cha mradi ule. Akae siku kadhaa kwenye ofisi ya walimu kabla ya kuandika andiko, asikilize wanachobishania, aone daftari la mahudhurio linavyojazwa. Maswali atakayotoka nayo hayatafanana na yale aliyoyapata kwenye majarida.

Swali pia lifikirie mapema ni nani atakayenufaika. Glewwe, Kremer na Sylvie Moulin walichunguza, katika eneo hilohilo la magharibi mwa Kenya, kama kugawa vitabu vya kiada kunapandisha alama. Kwa wastani hakukupandisha. Walipowatazama wanafunzi kwa makundi, waliona kwamba wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali walifaidika, na wengine hawakufaidika. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu, na watoto wengi hawakuweza kuvisoma. Utafiti ulioishia kwenye wastani ungesema vitabu havina maana. Utafiti uliouliza vinamfaa nani ulifungua mjadala wa lugha na wa mtaala uliotungwa kwa ajili ya wanafunzi wachache.

Njia ifuate swali

Upo ushabiki wa mbinu ambao hauna faida kwa mtoto. Wapo wanaoamini kwamba bila kupiga kura ya shule zipi zipate na zipi zingoje, hakuna utafiti; na wapo wanaoona kila takwimu ni dharau kwa utu wa watu. Swali la "je, kinafanya kazi" linahitaji kundi linganishi. Swali la "kwa nini mwalimu aliyepata mafunzo hayatumii" linahitaji mtu akae nyuma ya darasa kwa wiki kadhaa, aandike anachokiona, kisha amsikilize mwalimu huyo bila kumhukumu. Miradi mikubwa inahitaji vyote viwili, na bajeti ioneshe hivyo.

Mfano mzuri wa kulinganisha umo nchini Tanzania. Mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza liliendesha mradi wa KiuFunza katika shule 350 za msingi za umma. Kundi moja lilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi moja kwa moja. Kundi la pili halikupata ruzuku, bali walimu wake wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bahasha kwa kila mtoto atakayefaulu majaribio ya kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata chochote. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Motisha peke yake ilitoa matokeo ya kuchanganya. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda kwa uhakika. Kama watafiti wangelipima kundi lenye vyote viwili tu dhidi ya shule za kawaida, serikali isingejua kwamba fedha bila motisha hazikutosha, wala kwamba motisha ilihitaji fedha ili ifanye kazi vizuri. Makundi manne yaligharimu zaidi ya mawili, lakini yalijibu swali ambalo mawili yasingeweza.

Ukubwa wa sampuli ndipo watafiti wengi wachanga hudanganyika. Watoto wa shule moja wanafanana: wana mwalimu mmoja, kijiji kimoja, njaa moja. Watoto 500 waliotoka shule tano hawatoi habari sawa na watoto 500 waliotoka shule hamsini. Kama uamuzi unaochunguzwa unafanyika katika ngazi ya shule, hesabu ya kwanza ni ya shule, na idadi ya watoto ndani ya kila shule inakuja baadaye. Mfadhili anayeona andiko lenye maelfu ya wanafunzi na shule nne aulize swali hilo kabla ya lingine lolote.

Kuhusu kipimo, kinachohesabiwa kiwe kujifunza. Idadi ya walimu waliohudhuria semina, vitabu vilivyosambazwa na vikao vilivyofanyika ni hesabu za shughuli. Tathmini ya Uwezo, iliyoanza kupima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2009 na 2010, ilitumia jaribio fupi la kiwango cha darasa la pili na kuwapelekea watoto nyumbani. Kupima nyumbani kulikuwa uamuzi wa kitaalamu, kwa sababu anayepima shuleni hamwoni mtoto mtoro, aliyeacha shule wala ambaye hakuandikishwa kabisa, na hao ndio sera inawahitaji zaidi.

Chombo cha kupimia kijaribiwe kwanza kwenye shule ambazo hazimo katika sampuli. Hojaji iliyotafsiriwa itafsiriwe tena na mtu wa pili kurudi katika lugha ya awali, ili makosa yaonekane. Majaribio ya kusoma yapitiwe na walimu wa eneo husika, maana mtoto wa Pemba, wa Kigoma na wa Turkana hawakutani na maneno yaleyale kila siku.

Vibali, watoto na heshima

Mtafiti aanze kufuatilia vibali mapema. Nchini Tanzania, mtafiti wa kigeni huomba kibali kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, huku wanachuo na wahadhiri wa ndani wakipitia vyuo vyao. Barua hushuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo ifike kwa mwalimu mkuu. Zanzibar ina utaratibu wake, na kibali cha Bara hakitoshi. Nchini Kenya leseni hutolewa na NACOSTI, chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, na mtafiti hutakiwa pia kujitambulisha kwa ofisi ya serikali na ya elimu katika kaunti. Uganda kazi hiyo ni ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Andiko lisilotenga miezi kwa ajili ya hatua hizi litajikuta linakusanya data wakati wa mitihani.

Kalenda ya shule nayo ni kibali cha aina yake. Wiki za mtihani wa darasa la saba, siku za mwanzo za muhula, mwezi wa Ramadhani katika pwani na visiwani, msimu wa kupanda au kuvuna, masika yanayokata barabara: vyote hivyo vinaamua nani atakuwepo darasani. Mahudhurio yaliyopimwa katika wiki ya mavuno yatasema zaidi kuhusu shamba kuliko kuhusu shule.

Sheria za kulinda taarifa binafsi sasa zinawahusu watafiti wa elimu moja kwa moja. Kenya na Uganda zilizipitisha mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Majina ya watoto yatenganishwe na majibu yao siku hiyohiyo yanapokusanywa, simu za wadadisi zifungwe kwa nywila, na mkataba useme data itafutwa au kuhifadhiwa wapi. Picha ya mtoto mwenye sare iliyowekwa kwenye jalada la ripoti ni taarifa binafsi pia.

Ridhaa ya mtoto inahitaji uangalifu mkubwa zaidi ya saini ya mzazi. Mtoto aliyelelewa kuwaamkia wakubwa na kutii anapoambiwa jambo na mgeni aliyekuja na mwalimu mkuu hatasema sitaki. Mdadisi amweleze kwa maneno ya kitoto, ampe njia nyepesi ya kukataa, kama kuweka kadi mezani badala ya kutamka, na akubali ukimya au machozi kama jibu. Mahojiano yafanyike mahali ambapo watu wazima wanawaona lakini hawawasikii. Mwalimu asiambiwe nani alikataa.

Maswali kuhusu viboko, mimba, njaa au ukatili yasiulizwe kabisa na mtafiti asiye na mpango wa nini kitafuata mtoto akifichua jambo. Mpango huo uandikwe kabla: afisa ustawi wa jamii gani, dawati la jinsia na watoto la kituo gani cha polisi, na namba 116 ya kuwasaidia watoto inayotumika Kenya na Tanzania. Wadadisi wafundishwe kuutumia, na fedha za usafiri wa dharura ziwepo.

Jamii zilizochoka kuchunguzwa zimeanza kuandika masharti yao. Mwaka 2017, Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao za maadili ya utafiti, zikidai heshima, ukweli, haki, kujali na kufuata utaratibu. Kamati ya shule au baraza la wazee linaweza kumwuliza mtafiti yeyote mambo hayohayo: umekuja kufanya nini, nani anakulipa, utaturudishia nini, na lini.

Bajeti ioneshe kazi yote

Bajeti nyingi za utafiti wa elimu hufa katikati kwa sababu zimehesabu safari ya kwenda tu. Mtafiti ahesabu mafunzo ya wadadisi kwa siku za kutosha pamoja na mazoezi katika shule halisi. Ahesabu ziara ya pili kwa watoto ambao hawakuwepo, kwa sababu wanaokosekana hawafanani na waliopo. Aweke gharama za tafsiri, za kuingiza data mara mbili ili kukamata makosa, za bodaboda na mtumbwi pale gari lisipofika, za bima ya wadadisi, na akiba ya bei ya mafuta itakayopanda. Mwalimu anayeombwa kujaza hojaji baada ya saa za kazi afidiwe muda wake kwa kiwango kinachojulikana na kinachofanana kwa wote. Lakini posho isiwe kubwa kiasi cha kufanya kukataa kuwe kugumu.

Mistari miwili husahaulika karibu kila mara. Wa kwanza ni wa kurudi kwa watu: ripoti fupi ya Kiswahili, kikao na walimu, kikao na wazazi, nauli za kufika huko. Wa pili ni wa kuwafuatilia watoto baadaye. Watoto wa Busia waliopewa dawa za minyoo shuleni kuanzia mwaka 1998, katika utafiti wa Edward Miguel na Kremer uliohusisha shule 75, waliendelea kutafutwa kwa miaka mingi baadaye, wengine wakiwa wameshahamia mijini. Ndiyo maana mwaka 2021 watafiti waliweza kuonesha kwamba, miaka ishirini baada ya dawa, waliotibiwa kwa muda mrefu zaidi walikuwa na matumizi makubwa kwa asilimia 14 na mapato ya saa makubwa kwa asilimia 13 kuliko wenzao. Habari ya namna hiyo haipatikani kama anwani za familia zilitupwa mradi ulipofungwa.

Bajeti inaonesha pia nani anahesabiwa kuwa mtafiti. Andiko likiwa na profesa wa nje anayelipwa kwa miezi ya kufikiri, na mhadhiri wa Dodoma, Maseno au Makerere anayelipwa kwa siku za kukusanya, mgawanyo wa heshima umeshafanyika kabla ya kazi kuanza. Mkataba utaje mapema nani ataongoza uchambuzi, jina la nani litatangulia kwenye makala ipi, na data itabaki katika taasisi gani ya nyumbani. Chuo cha ndani kilipiwe pia gharama zake za uendeshaji. Umeme, uhasibu na kamati ya maadili vinagharimu fedha hata kama havionekani kwenye ripoti.

Anayetoa fedha na wajibu wake

Mfadhili makini huanza kwa kuuliza ni nini kimeshajulikana. Kabla ya kulipia utafiti mpya kuhusu lugha ya kufundishia, kwa mfano, asome kazi zilizofanywa Tanzania tangu miaka ya 1970, ripoti ya Clive Criper na William Dodd ya mwaka 1984 iliyoonesha udhaifu mkubwa wa Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari, na mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002. Huenda akagundua kwamba kinachohitaji kuchunguzwa ni kwa nini ushahidi uliopo haukufuatwa.

Hatua ya pili ni kumtenganisha anayeendesha mradi na anayeupima. Mfuko wa Education Endowment Foundation wa Uingereza, ulioanzishwa mwaka 2011 kwa fedha za serikali za pauni milioni 125, umeweka utaratibu huo: watathmini huru hupangiwa kazi, mpango wa uchambuzi hutangazwa mapema, na matokeo yote huchapishwa, hata ya miradi iliyoshindwa. Kila ripoti hupewa alama za kufuli zinazoonesha uimara wa ushahidi wake. Shirika dogo la Arusha au Kisumu halina fedha za kiwango hicho, lakini kusajili mpango wa uchambuzi hadharani hakuhitaji fedha nyingi. Chama cha wachumi wa Marekani kina daftari la mtandaoni la majaribio ya namna hii tangu mwaka 2013.

Mkataba wa ruzuku usimpe mfadhili mamlaka ya kuzuia uchapishaji. Unaweza kumpa siku kadhaa za kusoma rasimu na kueleza makosa ya ukweli, basi. Mradi ukidhaminiwa na kampuni inayouza vishikwambi, kipengele hiki kina uzito zaidi, na mtafiti asiyekipata ana sababu nzuri ya kuziacha fedha hizo.

Data nayo ifunguliwe baada ya majina kuondolewa. Utafiti wa minyoo wa Busia ulipitiwa upya mwaka 2015 na wataalamu wa London, kwa fedha za shirika la 3ie. Walikuta makosa ya hesabu, baadhi ya matokeo yakapungua nguvu, na mjadala mkali ukafuata kuhusu yale yaliyobaki imara. Hilo liliwezekana kwa sababu waandishi wa awali walitoa data zao. Mfadhili anayetaka kuaminiwa aweke sharti la kufungua data, na alipie kazi ya kuziandaa.

Na kama mpango unategemewa kuchukuliwa na serikali, ujaribiwe mikononi mwa serikali. Kenya ilipojiandaa kuajiri walimu 18,000 wa mkataba karibu mwaka 2010, ushahidi wa miradi midogo ulikuwa mzuri. Watafiti wakalinganisha walimu wa mkataba walioendeshwa na shirika lisilo la kiserikali na wale walioendeshwa na wizara, katika mikoa yote minane ya wakati huo. Walioendeshwa na shirika walipandisha alama za watoto. Walioendeshwa na wizara hawakupandisha, huku mishahara ikichelewa na mvutano na chama cha walimu ukipamba moto. Mpango ulikuwa mmoja. Tofauti ilitokana na aliyeuendesha.

Njia nyingine ni kwenda hatua kwa hatua. Mradi wa PRIMR, uliofanyika Kenya kati ya mwaka 2011 na 2014, ulijaribu mchanganyiko mbalimbali wa mafunzo ya walimu, vitabu vya wanafunzi na miongozo ya mwalimu, na ukapima gharama za kila mmoja. Mchanganyiko wenye vyote vitatu ndio uliofanya vizuri zaidi, na mwaka 2015 programu ya Tusome ikaupeleka nchi nzima. Wafadhili walilipia miaka ya majaribio kabla ya kulipia usambazaji.

Matokeo yarudi, na fedha zianzie nyumbani

Ripoti ya kurasa mia mbili iliyoandikwa kwa Kiingereza haisomwi na mwalimu aliyejaza hojaji. Mtafiti aandae ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila shule, wenye matokeo ya shule hiyo, yakifikishwa kwa mwalimu mkuu kwanza na bila kuwataja walimu mmoja mmoja. Afisa elimu kata apate muhtasari wa kata, na Taasisi ya Elimu Tanzania au taasisi ya mitaala ya Kenya ipate sehemu inayogusa vitabu na mihtasari. Tanzania iliwahi kuweka katika sheria ya takwimu, mwaka 2018, vifungu vilivyowatia watafiti hofu ya kuchapisha namba zinazotofautiana na za serikali. Mwaka 2019 Bunge lilivirekebisha. Mtafiti ajue sheria ilivyo sasa, aeleze mbinu zake kwa uwazi, na awashirikishe maofisa mapema ili ripoti isiwafikie kama shambulio.

Fedha za nje zimeonesha zinavyoweza kukatika ghafla. Mnamo Februari 2025 serikali ya Marekani ilifuta mikataba mingi ya taasisi yake ya utafiti wa elimu, na Julai mwaka huohuo shirika la USAID, lililokuwa mfadhili mkubwa wa miradi ya kusoma kama Tusome, lilifungwa. Milango mingine ipo: mpango wa KIX unaoendeshwa na IDRC ya Canada pamoja na Ushirikiano wa Kimataifa wa Elimu, wakfu wa Spencer wa Chicago unaogharimia utafiti wa elimu, na COSTECH yenye mfuko wake. Mwombaji asome malengo ya kila mfuko kabla ya kuandika, asilipinde swali lake mpaka lisitambulike.

Lakini fedha zianzie nyumbani. Umoja wa Afrika uliziomba nchi wanachama zitenge angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inataja asilimia 2 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Wabunge wa kamati za elimu wana haki ya kuuliza kila mwaka wa fedha ni kiasi gani cha fedha hizo kimetoka, na sehemu gani imekwenda kwenye elimu.

Halmashauri haihitaji kungoja bunge. Inaweza kuchagua swali moja kwa mwaka ambalo walimu wake wanalilalamikia, ikashirikiana na chuo cha ualimu kilicho jirani, ikatenga fedha ndogo za nauli, uchapaji na posho, na ikagawa mradi wake ujao kwa awamu: shule za awamu ya kwanza zichaguliwe kwa kura mbele ya walimu wakuu, na za awamu ya pili ziwe kundi linganishi kabla ya kufikiwa na zamu yao. Watoto wa makundi yote mawili wapimwe kusoma na kuhesabu mwanzoni na mwishoni mwa mwaka. Matokeo yasomwe kwenye baraza la madiwani, hata kama yatasema kwamba mradi ambao kila diwani aliupenda haukuwasaidia watoto, na fedha za mwaka unaofuata zipangwe kwa kuyafuata.